Kuzalisha aina mpya ya deizi, na kuieleza mpaka itambulike

Ndugu wenye vitalu, wakulima wa maua na wenzetu watafiti wa mbegu,

Tuanzie mwisho wa kazi, maana huko ndiko wengi hukwama. Mtu huja na chungu mkononi, ua limechanua, rangi yake haijapata kuonekana kitaluni. Anaulizwa: mama wa mmea huu ni yupi? Baba je? Mbegu ilisiwa lini? Ua lilipofunguka joto lilikuwa nyuzi ngapi? Linatofautiana vipi na aina inayofanana nalo zaidi sokoni? Kimya. Hapo kuna ua zuri, na uzuri wake hatuupingi, lakini aina mpya bado haijapatikana. Aina hupatikana siku mmea unapoweza kuandikwa kwenye karatasi, na mtu ambaye hajawahi kuuona akaisoma karatasi hiyo, akaingia kitaluni, akautoa katikati ya mimea mia inayofanana. Kwa hiyo leo kuchavusha na kuandika tutavichukua kama kazi moja, tangu siku brashi inapogusa ua.

Hasara ya kuandika kidogo inaonekana kwenye deizi yenyewe. Luther Burbank, mzalishaji mashuhuri wa mimea wa Marekani, alianza kuchanganya deizi mwaka 1884, na mwaka 1901 akaitoa deizi ya Shasta, ile nyeupe kubwa yenye kiini cha njano. Ni kazi ya miaka 17. Mwenyewe alieleza kwamba mmea huo una damu ya deizi nne, mojawapo ikiwa ya Japani. Leo wataalamu wa mimea huuandika Leucanthemum × superbum, chotara wa Leucanthemum maximum na Leucanthemum lacustre. Yule mzazi wa Japani hayumo. Taasisi ya Carnegie, ya utafiti huko Marekani, ilianza kumpa Burbank ruzuku mwaka 1905 na ikamtuma mwanabotania George Shull akaziandike mbinu zake, lakini kumbukumbu za maandishi zilikuwa haba mno, na baada ya miaka michache ruzuku ikakoma. Ua limebaki, nasaba yake imekuwa ya kubishaniwa. Daftari la kila msalaba, yaani kila uoanishaji wa mama na baba, lingemaliza ubishi huo.

Sasa tulitazame ua. Tunachokiita ua la deizi ni kichwa kilichobeba maua madogo mengi. Yale ya pembeni, ambayo mtoto huyang'oa moja moja akidhani ni petali, kila moja ni ua kamili lenye mkanda mmoja mrefu kama ulimi. Tuyaite vijiua ulimi. Yale ya katikati yaliyobanana ni vijiua bomba. Ukihesabu ndimi za deizi zenye ua la safu moja, mara nyingi utakuta 13, 21 au 34, au idadi inayokaribia hapo, kwa sababu vijiua hupangika kwenye kichwa kwa mizunguko inayofuata mfululizo huo. Idadi hiyo ni alama nzuri ya kutambulisha aina, tutairudia baadaye.

Chukua lenzi inayokuza mara 10, uchungulie kijiua bomba kimoja asubuhi kinapofunguka. Ndani kuna stameni 5, viungo vya kiume vya ua, zilizogandana vichwa vikawa bomba jingine dogo. Chavua humwagika ndani ya bomba hilo. Kisha shingo ya stigma hupanda kutoka chini kama mtu anayesukuma kijiti ndani ya mwanzi, ikiitoa chavua juu kwa juu. Baada ya hapo tu, mara nyingi siku inayofuata, ndipo ncha ya shingo hupasuka pande mbili, na pande hizo za ndani ndizo zinazopokea chavua. Kijiua bomba kwanza ni dume, halafu kinakuwa jike. Tena havifunguki vyote pamoja: huanza vya ukingoni na kwenda ndani, duara kwa duara, kwa siku kadhaa. Asiyejua mpangilio huu huchavusha mara moja, akavuna mbegu chache, akasema wazazi hawapatani.

Jambo la pili la kujua kabla ya kushika brashi ni wapi mbegu hutoka. Katika Argyranthemum, deizi ya vichaka ambayo asili yake ni visiwa vya Kanari na Madeira, vijiua ulimi ni vya kike na vijiua bomba vina jinsia zote mbili. Mbegu hutoka pote. Katika Osteospermum, deizi ya Afrika, mambo hugeuka: bomba zinafanya kazi ya dume tu, na mbegu hufungwa na ndimi peke yake. Ukichavusha katikati ya Osteospermum umepoteza asubuhi yako. Na kwenye maua yaliyojaa, yale ambayo bomba zote zimegeuka ndimi, chavua haipatikani kabisa au ni kidogo sana. Mmea wa namna hiyo uweke kuwa mama, baba awe wa ua la safu moja.

Tuendelee na Argyranthemum kama mfano, kwa kuwa spishi zake huchanganyika kwa urahisi na machotara yao kwa kawaida huzaa. Chagua wazazi kwa kasoro zao kabla ya sifa zao. Mama mwenye umbo la duara na matawi mengi lakini rangi ya waridi inayopauka, atafutiwe baba mwenye rangi inayodumu hata kama ni mrefu na mlegevu. Kuwaoanisha wawili wenye kasoro ileile, eti kwa sababu wote wana ua kubwa, ni kuirithisha kasoro hiyo kwa kizazi chote.

Kichwa cha mama kifungwe kwenye kifuko cha kitambaa chepesi au karatasi siku moja au mbili kabla ya ndimi kujikunjua. Nzi wa maua na nyuki wadogo hupita mahali ambapo mtu hudhani hawapiti. Ndimi zinapoanza kulala, ng'oa vijiua bomba vyote kwa kibano chenye ncha nyembamba, vingali vimefumba, bila kukwaruza sahani ya ua, yaani sehemu ya katikati inayobeba bomba; ukiichubua huoza. Zinabaki ndimi, ambazo hazina chavua yake yenyewe. Kichwa cha baba nacho kifungwe, ili chavua yake isichanganyike na ya jirani. Asubuhi umande ukishakauka, kwa kawaida kati ya saa 3 na saa 5, gusa kichwa cha baba kwa brashi laini, chavua ya njano ikishika, ipake kwenye stigma za mama zilizokwisha kupasuka umbo la Y. Rudia kila baada ya siku moja, mara tatu. Funga tena kifuko. Maji ni adui hapa: chavua ya deizi ikilowa hupasuka, kwa hiyo usimwagilie kwa juu siku hizo. Brashi ioshwe kwa spiriti na ikauke kabisa kabla ya baba mwingine, au uwe na brashi moja kwa kila baba, jambo ambalo ni salama zaidi.

Lebo ifungwe siku hiyohiyo: mama aandikwe kwanza, alama ya ×, kisha baba, na tarehe. Mpangilio huo usigeuzwe kamwe.

Deizi nyingi hukataa chavua yao wenyewe, na watu hulitegemea hilo mno wakaacha kung'oa bomba. Pima kwanza. Chukua vichwa 5 vya mmea unaotaka uwe mama, vifunge, vipake chavua yake mwenyewe, visiguswe na nyingine. Vikivunwa bila mbegu nzima, mama hujikataa na unaweza kupunguza kazi ya kibano. Vikitoa mbegu, kila chotara unayemdhania ni chotara anaweza kuwa mtoto wa mama peke yake. Jaribio hilo ni la vichwa 5 tu, na huokoa mwaka.

Mbegu hukomaa wiki 4 hadi 6 baadaye, kichwa kinapokauka na kuwa kahawia. Zibonyeze kwa ukucha: yenye kiini huwa ngumu, pumba hubonyea. Zikaushwe kivulini. Zipandwe juu ya mchanganyiko mwepesi wa piti (mboji ya mabwawa) na perlaiti (chembe nyepesi za mwamba), zifunikwe kidogo tu, joto liwe nyuzi 18 hadi 21 za Selsiasi. Miche huchomoza kati ya siku 7 na 14. Zikiwekwa kwenye joto kali na unyevu mwingi, miche hunyauka shingoni na kuanguka kwa kuvu. Kinga bora ni kupunguza maji na kuwapa hewa, si kuongeza dawa.

Kwa kuwa deizi za bustani tayari ni machotara ya machotara, watoto wa msalaba wa kwanza hutoka kila mmoja na sura yake. Huna haja ya kungoja kizazi cha pili ndipo uone tofauti. Ila unahitaji idadi. Miche 20 haitoshi kuchagua chochote. Panga 200 au 300 kwa msalaba unaouamini kuliko misalaba 15 ya miche 20. Hili ndilo shauri tunalolisisitiza kuliko yote katika sehemu ya kitalu. Mchujo wa kwanza ni maua ya kwanza yanapofunguka: mimea mirefu isiyotoa matawi, maua yanayojificha chini ya majani, ndimi zinazokunjana, vyote viondoke bila huruma. Baki na kama mmoja katika kumi. Mchujo wa pili ungoje joto. Argyranthemum hupenda ubaridi ili kutengeneza vichomozo vya maua, na joto likizidi huacha kuchanua, ukabaki na kichaka cha majani. Mmea uliokuvutia wakati wa ubaridi lazima uonwe pia wakati wa joto kabla hujaupenda zaidi. Vivyo hivyo rangi: njano ya deizi hutokana na rangi asilia iitwayo karotenoidi na hubaki karibu ileile, lakini waridi na nyekundu hutokana na nyingine, antosianini, ambayo hupungua joto linapopanda. Aina ya waridi iliyokoza kwenye nyuzi 15 inaweza kuwa karibu nyeupe kwenye 30.

Mmea uliobaki sasa unakuwa asili ya ukoo mzima, kwa vipandikizi. Chukua ncha za sentimita 5 hadi 7 zisizo na ua, ondoa majani ya chini, chovya kwenye unga wa homoni ya mizizi ukitaka, panda kwenye mchanganyiko wenye kupitisha hewa, ukungu wa maji uwe wa mara kwa mara siku za mwanzo. Mizizi hutoka wiki 2 hadi 3. Vikishashika, vikuze mpaka vichanue, chukua tena vipandikizi kwenye hivyo, na tena mara ya tatu. Vizazi vitatu vikifanana, una haki ya kusema unadumu. Kama asili ya mmea ni tawi lililogeuka rangi kwenye mmea wa zamani, ongeza uangalifu, maana mara nyingi tabaka la nje la ncha ndilo lililobadilika na la ndani limebaki vilevile. Tawi likichipuka kutoka ndani, rangi ya zamani inarudi. Kila tawi linalorudi liandikwe, pamoja na idadi ya yasiyorudi.

Kuna mtego mmoja ambao tunataka usikilizwe vizuri. Viroidi ya kudumaza krisanthemamu, kiini cha ugonjwa kilicho kidogo kuliko virusi, hushambulia Argyranthemum pia. Mmea ulioambukizwa unaweza usiwe na madoa wala uozo, ukawa mfupi tu, majani madogo, maua madogo. Mchaguaji anauona, anasema: hatimaye nimepata deizi fupi ya chungu! Anauzidisha kwa kisu kilekile anachokatia mingine, na utomvu unaipeleka viroidi kwenye kitalu chote. Ufupi unaotokea ghafla katika mche mmoja upimwe maabara kabla haujaingizwa kwenye kitabu. Visu vitakaswe kati ya mmea na mmea. Thripsi, wadudu wadogo wafyonzao utomvu, nao wadhibitiwe, kwa kuwa hubeba virusi vya mnyauko wa madoa wa nyanya, na vinundu vya bakteria kwenye shingo ya mmea vitazamwe kila unapohamisha chungu. Mmea wenye vinundu hautibiki, unatupwa.

Tufike kwenye maelezo. Neno "zuri", "la kuvutia", "la kipekee" halina kazi hapa. Kwanza eleza mazingira: mimea iliyopimwa ni 10 au zaidi, umri wake wiki ngapi tangu kipandikizi, chungu cha sentimita ngapi, ncha ilikatwa mara ngapi, joto la usiku na mchana, na kwamba haikupakwa dawa ya kudumaza. Hili la mwisho ni muhimu kupita kiasi. Mmea uliofupishwa kwa dawa ukiandikwa kuwa mfupi, maelezo yote ni batili siku mtu mwingine atakapoupanda bila dawa.

Kisha pima kuanzia chini kwenda juu: kimo kutoka kwenye udongo, upana, idadi ya matawi makuu, urefu wa pingili, jani lichukuliwe katikati ya shina, si la juu wala la chini, upime urefu, upana, kina cha mikato, rangi ya uso wa juu na wa chini. Halafu kichwa cha ua: kipenyo, urefu wa kikonyo, kipenyo cha sahani, idadi ya ndimi, safu zake, urefu na upana wa ulimi, ncha yake ina meno mangapi, umesimama, umelala au umeinama. Mfano wa mstari unaosomeka ni huu: "Ndimi 21 hadi 24, safu moja na nusu, zimelala; urefu milimita 22, upana milimita 7; ncha butu yenye meno 2; uso laini wenye mifuo 2 ya urefu." Mtu akiusoma anaweza kuuchora bila kuuona.

Rangi iandikwe kwa Chati ya Rangi ya RHS, ya Royal Horticultural Society ya Uingereza, ambayo kila kipande chake kina namba na herufi, na tundu katikati. Tundu hilo si pambo: ua huwekwa chini yake ili macho yaone rangi mbili bila mpaka kati yake. Fanya hivyo kwenye mwanga wa asili usio wa jua kali, mchana, kwa ulimi mmoja uliong'olewa. Andika toleo la chati, kwa sababu vipande vimeongezwa toleo kwa toleo. Andika uso wa juu na wa chini kando. Andika ua likiwa limetoka kufunguka, likiwa limekomaa, na linapozeeka. Deizi nyingi za waridi huanza zikiwa zimekoza na kuisha zikiwa nyeupe, na picha moja ya siku moja huficha hilo. Duara lenye rangi nyingine karibu na kiini lipimwe upana wake kwa milimita. Kamera isiaminiwe kwa rangi. Picha huambatanishwa kwa ajili ya umbo.

Mwisho wa maelezo weka ulinganisho: mama, baba, na aina ya sokoni inayofanana zaidi, zote zimekuzwa bega kwa bega, wakati mmoja, kwenye vyungu vya kipimo kimoja. Kulinganisha na kumbukumbu ya kichwani au katalogi hakukubaliki. Taja sifa tatu au nne zinazotofautisha, kila moja kwa kipimo.

Mkataba wa UPOV, yaani mkataba wa kimataifa wa kulinda aina mpya za mimea, uliotiwa saini Paris mwaka 1961 na kurekebishwa mara ya mwisho mwaka 1991, hudai aina itofautike na nyingine zinazojulikana, mimea yake ifanane, na idumu inapozidishwa. Kwa mimea ya vipandikizi, kiwango cha kawaida cha majaribio ni kwamba katika mimea 20 mmoja tu ndio unaoruhusiwa kutoka nje ya aina. Mkataba wa 1991 hutoa ulinzi usiopungua miaka 20 kwa mimea isiyo miti wala mizabibu. Pia hudai upya wa kibiashara: aina isiwe imeuzwa kwa ridhaa ya mwenyewe kwa zaidi ya mwaka 1 katika nchi anayoombea, wala zaidi ya miaka 4 nje yake. Wengi huponzwa hapa. Wameuza vyungu kadhaa kwenye maonyesho "kuona watu watasemaje", miaka miwili ikapita, na haki ikawa imekwisha kabla ya ombi kuandikwa. Kuwaonyesha watu hakuharibu kitu. Kuuza ndiko kunakohesabiwa, na anayepewa mmea autunze apewe kwa maandishi yanayomkataza kuuzidisha.

Jina la aina huandikwa ndani ya alama moja za kunukuu baada ya jina la Kilatini, nalo halipaswi kuwa la Kilatini. Kanuni za majina ya mimea iliyolimwa ziliweka mpaka huo tangu tarehe 1 Januari 1959. Jina lisidanganye. Deizi isiyo nyeupe usiiite kwa neno la theluji. Jina hilohilo hutumika kila nchi, hata kama muuzaji anaongeza jina lake la biashara kando.

Vipandikizi vya kupeleka kwenye majaribio vikatwe kwenye mimea ya kizazi kile kilichopimwa, visiwe na ugonjwa wala dawa ya kudumaza, na viwe vya umri mmoja. Mimea mama mitano ibaki nyuma ya wavu, mbali na banda la mauzo, kila mmoja na namba yake ya daftari. Mkaguzi akiandika kwamba ulimi ni milimita 19 nawe uliandika 22, mtakwenda kwenye mimea hiyo mitano na rula, na joto la wiki ile liwe limeandikwa pembeni.